Kwa nini apu mbili za swala hazikubaliani, na kwa nini nafundishia hizo darasani

Tangu watu wa mtaani wajue kwamba kazi yangu ni kuandika programu, swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Tanga ni hili: mbona apu yangu inasema Alfajiri imeingia na ya mwenzangu inasema bado, na sote tuko Ngamiani, tena barabara moja? Mara nyingi anayeuliza ameshaamua kwamba mojawapo ni mbovu. Jamani, zote mbili zinapiga hesabu vizuri tu, ila kila moja imepewa maagizo na mtu aliyeiandika, na huyo mtu hakukuuliza wewe wala imamu wako.

Ngoja nieleze taratibu maana hapa ndo penye utamu wote.

Simu haioni jua. Inachukua mahali ulipo, yaani latitudo na longitudo, sie Tanga tuko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta na nyuzi 39 mashariki, inachukua na tarehe ya leo, halafu inakokotoa jua liko wapi. Kwenye Adhuhuri na Magharibi hakuna ubishi mkubwa, jua kupinduka na jua kuzama ni mambo ya wazi. Ubishi uko kwenye Alfajiri na Isha, kwa sababu pale tunatafuta mwanga wakati jua lenyewe liko chini ya upeo wa macho, sasa chini kiasi gani? Hesabu ya Muslim World League, jumuiya ya Waislamu ya kimataifa, inasema nyuzi 18. Ya Misri inasema 19.5. Ya ISNA, Waislamu wa Amerika ya Kaskazini, inasema 15. Dunia inazunguka nyuzi moja kila dakika 4, kwa hiyo huku kwetu karibu na ikweta aliyeweka ya Misri simu yake itaadhini dakika 6 hivi kabla ya aliyeweka ya Muslim World League, na wa ISNA atakuja nyuma yake dakika 12 hivi. Kwa mtu anayekula daku dakika 12 sio jambo dogo! Isha ndo usiseme, hesabu ya Umm al-Qura ya Saudia haitumii nyuzi kabisa, inaongeza dakika 90 baada ya Magharibi na Ramadhani inaongeza 120, wakati kwa Tanga nyuzi 17 za Muslim World League zinatimia kama saa moja na dakika chache tu baada ya jua kuzama.

Alasiri nayo ina yake. Kwa madhehebu ya Shafii wakati unaingia kivuli cha kitu kinapofika urefu wa kitu chenyewe, ukijumlisha na kile kivuli kilichokuwepo jua linapopinduka. Kwa Hanafi ni mara mbili ya urefu. Pwani yetu wengi ni Shafii, ila apu unaipakua imetengenezwa na mtu wa mbali, ukiikuta imewekwa Hanafi basi Alasiri yako inasogea karibu saa nzima na wewe hujui kwa nini. Fungua setingi uangalie. Nasema kila siku na nitaendelea kusema, fungua setingi.

Sasa darasani. Jumamosi nakaa na vijana wa sekondari kwenye chumba tulichopewa nyuma ya madrasa, wengine wa hapahapa Ngamiani, wengine wanatoka Makorora na Chumbageni, Waislamu na Wakristo. Laptopu ni chache, wanachangia. Masomo ya kuandika programu yaliyojaa kwenye intaneti mifano yake ni duka linalouza kwa dola, au gemu la treni za chini ya ardhi, kijana anakopi mistari, inatoa jibu, na hana namna ya kujua kama jibu ni kweli au si kweli maana hicho kitu hajawahi kukiona. Mimi nilitaka mfano ambao mtoto anaweza kutoka nje akauhakiki kwa macho yake mwenyewe, na nyakati za swala zinafaa kuliko chochote nilichowahi kufikiria, kwa sababu jibu likiwa baya mtaa mzima unajua.

Kwa hiyo siku ya kwanza hatuwashi kompyuta. Tunasimika kijiti uwanjani na kila baada ya dakika chache mtu anaweka alama pale ncha ya kivuli ilipofika. Kivuli kinafupika, kinafupika, halafu kinaanza kurefuka upande wa pili, pale kilipokuwa kifupi kabisa ndo zawali. Wanashangaa kuona haikuwa saa sita kamili. Ni saa sita na ushee, na sababu yake ni kwamba saa za Tanzania zimepimwa kwa longitudo ya 45, ambayo inapita karibu na Mogadishu, sie tuko magharibi yake nyuzi 6 hivi, zidisha kwa dakika 4 unapata 24. Lakini hiyo 24 ni wastani tu. Mwanzoni mwa Novemba zawali ya Tanga inaingia saa sita na dakika 7 hivi, katikati ya Februari inafika saa sita na dakika 38, kwa sababu njia ya dunia kulizunguka jua sio duara kamili na dunia yenyewe imeinama. Hapo mtoto aliyekuwa anasinzia kwenye jiografia anakaa wima. Na kuna siku mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba ambapo jua linapita juu ya utosi wetu na kijiti hakina kivuli cha kusema, hizo siku naziwinda.

Nyingine ninayoipenda ni kibla. Makka iko nyuzi 39.8 mashariki, karibu mstari mmoja na sisi, kwa hiyo kibla cha Tanga ni kaskazini, inazidi kidogo sana kuelekea mashariki, kama nyuzi moja na nusu. Dira ya simu ukiiweka karibu na nondo au spika inakudanganya vibaya. Lakini tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, jua linakuwa juu ya Kaaba kabisa, na vilevile tarehe 15 au 16 Julai saa sita na dakika 27, na saa za Saudia ni sawa na zetu kwa hiyo hakuna cha kubadilisha. Dakika hiyo ukilielekea jua umeelekea kibla. Bila bando, bila GPS.

Mwanzoni ustadhi wa madrasa aliniuliza, kwa upole wake, kama sitawafanya vijana waone muadhini hana kazi tena. Nilimjibu hivi, na ndo imani yangu: maalim, simu inamwambia mtu mmoja mfukoni mwake, adhana inaita jamaa. Watu mia wakifuata simu mia kila mmoja anaswali na dakika zake, na swala ya jamaa inataka sauti moja. Mwanafunzi wangu akijua hesabu atajua pia kwamba ratiba iliyobandikwa msikitini ni uamuzi wa wanazuoni wa hapa na ataiheshimu akiielewa. Nikamsimulia habari za Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa msikiti mkuu wa Damascus, ambaye mwaka 1371 alitengeneza saa ya jua kwa ajili ya mnara wa msikiti ule. Mtu yule alikuwa anafanya kazi hii hii niliyonayo mimi, kwa ajili ya swala, miaka mia sita na zaidi iliyopita, na naipokea kwa unyenyekevu kabisa. Ustadhi siku hizi anakuja Jumamosi, anakaa nyuma, na akina sisi tukikosea kutaja hukumu anaturekebisha.

Mwezi ndo mgumu. Kalenda ya Umm al-Qura imekokotolewa miaka mbele, programu nyingi zinaitumia hiyo kimyakimya, wakati huku kwetu mwezi unatangazwa baada ya kuonekana, Mufti anatangaza kupitia BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na wapo ndugu zetu wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani wakafungua siku nyingine. Vijana walitaka programu yetu iamue. Nilikataa, na kwenye hili siyumbi. Hayo ni mambo ya watu wenye elimu ya dini na wenye dhamana, mwandika programu hana ruhusa ya kuyamaliza kwa mstari mmoja usiku akiwa peke yake. Tuliweka kitufe cha kuongeza au kupunguza siku moja, na maandishi yanayoonekana wazi: subiri tangazo.

Kisha ikaja hesabu ya miezi. Laibrari, yaani kodi iliyoandikwa tayari na wengine tunayoitumia, inaanza na Muharram kama namba 1, ila bibi zetu wanahesabu tangu Ramadhani imalizike: Shawwal ni mfunguo mosi, Muharram ni mfunguo nne, Maulidi iko mfunguo sita. Msichana mmoja aliandika fankisheni fupi ya kugeuza, akaenda kumuonyesha bibi yake, bibi akaikagua mwezi kwa mwezi mpaka Rajabu, Shaabani na Ramadhani ambayo haina mfunguo. Hakuna mkaguzi kama yule. Wavuvi nao walitusaidia, maana bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, linakuja kwenye mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo mzee wa ngalawa akikwambia maji yakoje leo amekutajia mwezi una siku ngapi, kadirio tu lakini la kuaminika.

Kijana wa Kikristo akauliza na Pasaka je? Swali zuri kabisa, kwa sababu nayo inafuata mwezi: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia Machi 21 au baada yake, jambo lililojadiliwa kwenye mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu, mwaka 325, na huo mwezi mpevu ni wa jedwali la kanisa, sio ule unaouona angani. Ndo maana inaangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Aliiandika mwenyewe na majibu yakalingana na kalenda ya parokia yao, akapigiwa makofi na darasa zima.

Kilichobaki sasa ni siku inaanza saa ngapi. Kompyuta inabadilisha tarehe saa sita usiku, lakini kwetu usiku wa kuamkia Ijumaa ni wa Ijumaa tayari, jua likizama umeingia. Wamekubaliana kuweka tarehe mbili kwenye skrini, ya Hijria inageuka Magharibi na nyingine inasubiri usiku wa manane. Na kuna mmoja amegundua kwamba Julai mchana wetu ni mfupi kuliko wa Novemba na bado jua la katikati ya Julai linazama kwa kuchelewa kuliko la mwanzoni mwa Novemba, ameniuliza kwa nini, nimemwambia jibu analo kwenye zile dakika 7 na 38 za zawali, alitafute Jumamosi ijayo atueleze.