MV Liemba haikuzamishwa na mizinga ya Waingereza

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ilizamishwa na mizinga ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Sivyo. Walioizamisha ni Wajerumani wenyewe, wenye meli.

Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha hadi Dar es Salaam, kisha ikaungwa Kigoma. Wakati huo iliitwa Graf von Goetzen. Julai 1916, Wajerumani wakirudi nyuma, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakaijaza meli mchanga na kuizamisha kwa uangalifu karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakitumaini kuirudia. Nani hupaka grisi injini huku akipigwa mizinga?

Kinachochanganya watu ni Hedwig von Wissmann, meli ndogo ya Kijerumani ambayo kweli Waingereza waliizamisha ziwani humo, Februari 1916. Linganisha majina na tarehe utaona. Ukiletewa ujumbe huo tena, tafadhali usiusambaze.

Liemba iliibuliwa mwaka 1924, injini zikakutwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza tena safari.