Madoadoa ya majani yasikudanganye: Drimiopsis au Ledebouria?

Mvua za Desemba zikishatulia Dodoma, vitunguu-pori vyenye majani ya madoadoa huchomoza kwenye udongo mwekundu na chini ya vichaka. Wengi wakiona madoa huandika Ledebouria, jina la jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), papo hapo. Subiri kwanza. Drimiopsis, jenasi inayofanana nayo, nayo ina madoa, na spishi ileile yaweza kuwa na mmea wenye madoa na mwingine usio nayo.

Tazama ua kwa lenzi ya mara 10. Tepali, yaani vijani vya ua vinavyofanana na petali, ni sita. Za Ledebouria hufanana zote na hujikunja kwa nyuma, ovari (sehemu ya ua inayobeba mbegu changa) ikabaki wazi juu ya kikonyo kifupi. Za Drimiopsis hazilingani: tatu za nje hutanuka kidogo, tatu za ndani zimejipinda kama kofia na kuifunika ovari. Chagua ua lililokwisha kufunguka, maana ua changa la Ledebouria nalo limefumba, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea.

Sasa ugomvi wa wataalamu wenyewe: je, Drimiopsis ni jenasi ya pekee au ni sehemu ya Ledebouria? Ledebouria ilipewa jina mwaka 1821, Drimiopsis 1851. Mwaka 2004 Manning, Goldblatt na Fay waliiingiza Drimiopsis, pamoja na Resnova ya Afrika Kusini, ndani ya Ledebouria. Hoja yao ilitoka kwenye DNA: matawi hayo yakitengwa, Ledebouria inabaki ukoo nusu, yaani kundi lisilojumuisha wazao wote wa babu mmoja. Mwaka 2006 Lebatha, Buys na Stedje wakazitetea jenasi zote tatu. (Familia nayo imehamahama: Liliaceae, Hyacinthaceae, sasa Asparagaceae.) Mimi naandika Drimiopsis, kwa kuwa ua lake linatambulika hata na asiye na maabara, ila jina la Ledebouria naliweka kwenye mabano.

Sampuli mbovu ndiyo inayozidisha utata. Kitunguu kizima kikibanwa kwenye magazeti ili kikaushwe huendelea kuota humo, kisha ukungu. Kata kwanza kipande cha jani kwa ajili ya DNA, kiweke kwenye silika jeli (chembe za kunyonya unyevu) yenye uzito usiopungua mara 10 ya jani. Kisha pasua kitunguu kwa urefu, chovya nusu zake kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja bila kugusa maua, na badilisha magazeti kila siku wiki ya kwanza. Maua mawili matatu yatie kwenye spiriti ya asilimia 70: yakibanwa, ile kofia hulala bapa, na hakuna atakayejua tena ilikuwaje.