Kabla ya kuformati ordinateri, angalia kwanza imekwama mlango gani

Bandugu wa Goma, kitengo chetu cha rezo kinapigiwaka simu ya namna moja tu: taa ya kebo ni kijani, Windows inasema iko konekte, lakini imprimante haionekane na seva ya kazi haifunguke. Na mara mingi mtu ameshaformati bure. Kuna biro moja hapa mjini ordinateri ya mama wa kontabilite iliformatiwa mara mbili, pole yake, kumbe kosa lilikuwa mu swichi (kisanduku chenye kuunganisha kebo zote za rezo) ndani ya kabati.

Swichi moja inaweza kuigiza rezo mingi, kila moja na namba yake kati ya 1 na 4094, njo tunaita VLAN. Kontabilite iko mu 10, waifai ya wageni mu 20, swichi ni ile ile lakini hawaonane. Basi taa ya kijani inasema tu kebo imefika, haiseme imefika mu rezo gani.

Wazee wa rezo wanakumbuka ATM (aina ya rezo ya zamani, si mashine ya pesa) na LAN ya kuigiza juu yake, yenye toleo la kwanza lilitoka 1995: mashine ilipita kwa seva tatu kama milango, ilitafuta LECS kwanza (ya kuielekeza), kisha LES (ya kuandikisha adresi), kisha BUS (ya kutangazia wote), ikikwama unauliza imekwama mlango gani. ATM imeshazikwa, lakini hiyo akili bado nzuri.

Fungua dirisha jeusi la Windows (cmd) uandike ipconfig, itakuonyesha adresi ya ordinateri mu rezo. Ukikuta adresi inaanza na 169.254, ordinateri imeita DHCP (seva yenye kugawa adresi), imeita weee, hakuna wa kuitika, ikajipa adresi yenyewe. Hapo labda prize (tundu la kebo mu swichi) iko mu VLAN isiyo yake, ao ile VLAN haipite mu trunk, ile kebo ya kupitisha VLAN mingi kati ya swichi mbili (inaomba ikubaliwe pande zote, mtu anaweka huku anasahau kule), ao seva ya DHCP iko mu VLAN ingine na ruta (mashine ya kupitisha toka rezo moja mpaka ingine) haikuambiwa ipitishe ombi, juu ule mwito hauvuke peke yake. Tena rezo ya /24 (ile kipimo cha kawaida) iko na adresi 254 tu, simu za wageni zinaweza kuzimaliza mbele ya saa ine asubui.

Ukipata adresi ya 192.168.20 na wenzako wako 192.168.10 (hapa namba ya tatu inafuata namba ya VLAN), uko kwa wageni, antivirus haina kosa. Adresi ikiwa sawa, piga ping (amri ya kuuliza mashine kama inaitika) ya ruta, kisha ya seva.

Kwa yule mama, kuran ilikatika usiku, onduleri ikaisha, asubui swichi ikaamka imesahau: fundi alikuwa amebadilisha prize siku za nyuma lakini hakuandika write memory (amri ya kuhifadhi mu swichi), zikarudi zote mu VLAN 1, ile ya mwanzo. Tukarudisha prize yake mu 10, tukaandika write memory, na yeye hata hakungoja tufunge kabati, akaanza kuprinti fakture za wiki nzima.