RAID 1 haiakisi diski nzima

Kuna kauli inayorudiwa sana na watu wenye seva za nyumbani: "Diski zangu ziko RAID 1, kila kitu kiko pande zote mbili, moja ikifa mashine inawaka tu." Nusu ya kwanza ina ukweli wake. Ile ya pili imeshawakesha wengi.

Maana yenyewe ni fupi. RAID 1 ni mpangilio ambao data ikiandikwa inaandikwa kwenye diski mbili au zaidi kwa pamoja, ili moja ikiharibika nyingine iendelee na kazi. Jina RAID linatokana na andiko la mwaka 1988 la Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hapo hakuna ubishi.

Tatizo ni hili: kinachoakisiwa ni kile kilichomo ndani ya safu ya RAID (kundi la diski au vipande vyake vinavyofanya kazi kama kimoja), si diski yenyewe. Wengi wanaotumia mdadm, programu ya kusimamia RAID kwenye Linux, huunda safu kwa patisheni, yaani vipande vya diski: sda2 (kipande cha pili cha diski ya kwanza) inaunganishwa na sdb2 (cha diski ya pili), inapatikana safu iitwayo md0. Kilicho nje ya patisheni hizo mdadm haikijui wala haikinakili. Na butiloda, ile programu ndogo inayoipakia keneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) mashine inapowaka, makazi yake ni huko huko nje.

Mashine huanza kuwaka kwa femuwea, programu iliyomo kwenye mazabodi: ya zamani ni BIOS, ya kisasa ni UEFI. Kwenye mashine za BIOS butiloda inaanzia sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, na kati ya hizo ni 446 tu zilizotengewa msimbo. GRUB, butiloda inayotumika sana kwenye Linux, haienei humo. Sehemu yake inayofuata huwekwa kwenye nafasi iliyoachwa wazi kabla ya patisheni ya kwanza au, kama diski ni ya GPT (mpangilio mpya wa patisheni), kwenye patisheni ndogo iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kwenye UEFI, butiloda ni faili ndani ya patisheni ya EFI yenye mfumo wa FAT, na kumbukumbu ya mazabodi huandika ni patisheni ipi hasa, ya diski ipi, ya kuanzia.

Sasa tazama linavyotokea. Diski ya kwanza inakufa, unaweka mpya, unairudisha kwenye safu, unasubiri data ijinakili. Unafungua /proc/mdstat, faili inayoonyesha hali ya safu, unaona [UU], U moja kwa kila diski nzima. Moyo unatulia. Miezi inapita, ile diski ya zamani nayo inakufa. Seva haitetereki, mpaka siku umeme unapokatika. Ukirudi, skrini inakuambia hakuna kifaa cha kuwashia. Data iko salama yote kwenye diski iliyobaki, ila hakuna wa kuifungulia mlango. Zile U mbili zilikuwa zikisema kwamba wanachama wa safu ni wazima. Kuhusu kuwaka hazikusema lolote.

Kwa BIOS, dawa ni kuendesha grub-install kwenye /dev/sda, kisha kwenye /dev/sdb. Kwenye Debian ni bora zaidi kutumia dpkg-reconfigure grub-pc na kuzitia alama diski zote mbili, kwa sababu mfumo unakumbuka chaguo hilo kila GRUB inaposasishwa. Usilidharau. Mwaka 2020, baada ya masasisho ya kuziba BootHole, udhaifu wa kiusalama ndani ya GRUB, mashine kadhaa zilikwama kwenye "grub rescue", skrini ya dharura ya GRUB, zikilalamikia kukosa kipengele kiitwacho grub_calloc: moduli ndani ya /boot zilikuwa mpya, msimbo wa mwanzo wa diski ulikuwa wa zamani.

Kwa UEFI, kila diski iwe na patisheni yake ya EFI, yaliyomo yanakiliwe kote, na amri ya efibootmgr iongeze ingizo la diski ya pili kwenye kumbukumbu ya mazabodi. Wapo wanaoiweka patisheni hiyo ndani ya RAID 1 yenye metadata (maelezo ya safu) ya toleo la 1.0, ambayo hukaa mwishoni mwa patisheni, hivyo femuwea inaona FAT ya kawaida. Inafanya kazi, ila femuwea ikiandika upande mmoja, mdadm haina habari. Mimi naona heri patisheni mbili za kujitegemea.

Ukiwa umeshakwama, usiumbe safu upya. Washa kwa flashi yenye Linux, kusanya safu kwa mdadm --assemble --scan, ipachike pamoja na /dev, /proc na /sys, ingia ndani ya mfumo wako kwa amri ya chroot, kisha sakinisha butiloda kwenye diski iliyopo.

Kwa hiyo "data yangu iko kwenye diski mbili" ni kauli sahihi, itumie. Ile ya "inawaka tu" isubiri kwanza: zima seva, chomoa waya wa diski ya kwanza, washa. Ikiwaka, zima, rudisha waya, iongeze diski kwenye safu na uache data ijinakili hadi mwisho, ndipo uijaribu ya pili.