Je, wajua kwa nini kompyuta nyonge huonyesha filamu ya 4K vizuri lakini hushindwa na gemu?

Chukua kompyuta ndogo ya mezani iliyostaafu ofisini, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 7 na isiyo na kadi ya michoro. Iunganishe na runinga, weka filamu ya 4K: picha inateleza, feni hata haisikiki. Kisha fungua gemu ya mbio za magari iliyotoka miaka ileile ya prosesa hiyo. Gari linaenda kwa kurukaruka, feni inavuma. Mashine ni ileile, skrini ni ileile. Kulikoni?

Filamu imekwisha kutengenezwa. Fremu moja ya 4K, yaani picha moja kati ya zile zinazopita mfululizo, ina pikseli (nukta za rangi) 8,294,400. Kila pikseli ikichukua baiti 3, fremu 24 za sekunde moja zinafika karibu megabaiti 600. Mzigo huo haupitiki kwenye intaneti ya kawaida, ndiyo maana video hubanwa kwa kodeki, yaani mbinu ya kuibana na kuifungua, mpaka itoshe kwenye megabiti 15 hivi kwa sekunde. Kompyuta inabaki na kazi ya kuifungua tu, na hata hiyo haifanywi na viini vya prosesa. Ndani ya chipu kuna sehemu maalumu iliyoundwa kufungua kodeki fulani na si kingine. Fungua Task Manager ya Windows filamu ikiendelea: prosesa imetulia, na grafu ya kufungua video ndiyo iliyopanda.

Ila sehemu hiyo haifundishiki. Ile ya kizazi cha 7 inaifahamu kodeki ya HEVC ya biti 10, inayotumika kwenye filamu nyingi za 4K. AV1, kodeki iliyotoka 2018, haiijui kabisa. Intel waliianza kwenye kizazi cha 11. Ukiipa AV1 mashine ya zamani, viini vya prosesa vinabebeshwa kazi yote, na hapo hata filamu inakwama. Kwa hiyo kabla ya kuuliza prosesa ina viini vingapi, uliza inafungua kodeki zipi.

Gemu haina cha kufunguliwa. Fremu inayofuata haipo bado, maana inategemea kitufe utakachobonyeza, na ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila moja lazima ichorwe upya ndani ya milisekunde 16.7: maumbo, mwanga, vivuli, vyote. Hapo ndipo michoro ya ndani ya prosesa inapobanwa, hasa kwa sababu haina kumbukumbu yake na inaazima RAM, kumbukumbu ya kompyuta nzima. Kijiti kimoja cha RAM aina ya DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi sambamba, 51.2. Kadi ya michoro ya GTX 1050 Ti ya 2016, ambayo leo ni mzee, inapitisha 112 kwenye kumbukumbu yake yenyewe.

Ndiyo maana mtu anayenunua kijiti kimoja cha gigabaiti 16 badala ya viwili vya 8 anajinyima kasi bila sababu. Na kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, mimi ningeiacha prosesa ilivyo na kutafuta kadi ya michoro ya wati 75, inayokula umeme kutoka kwenye sloti bila waya wa ziada, maana pawasaplai za mashine za ofisini mara nyingi hazina waya huo. Pima kasha kwanza. Mengi hupokea kadi fupi tu.

Usilazimishe gemu ya 4K. Ukiishusha hadi 1080p, pikseli za kuchorwa zinabaki robo, na ukiwa umekaa mbali kwenye kochi tofauti ni ndogo.

Angalia pia tundu la HDMI, linalopeleka picha kwenye runinga. Mashine nyingi za kizazi kile zina HDMI 1.4, ambayo kwa 4K inaishia fremu 30 kwa sekunde. Filamu ya fremu 24 inapita bila shida. Gemu haitapata 60 hapo, labda uirudishe 1080p au upitie tundu la DisplayPort kwa adapta ya HDMI 2.0.