Ridhaa ya Mshiriki si Idhini

Katika warsha moja ya maadili ya utafiti hapa Kampala, msemaji aliyekuwa akieleza tiba ya saikedeliki, yaani matumizi ya dawa kama LSD na silosaibini inayopatikana katika uyoga, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa afya ya akili, alirudia mara tatu kwamba mgonjwa akishatoa idhini, suala la ridhaa limekwisha. Nimetafsiri fomu za utafiti kwa Kiswahili muda wa kutosha kujua kwamba kosa hilo si lake peke yake.

Ridhaa ni kukubali jambo kwa hiari baada ya kulielewa. Maneno yote matatu tunayoyachanganya, yaani ridhaa, idhini na ruhusa, yametoka katika Kiarabu, lakini kila moja lina ukoo wake. Idhini ina mzizi mmoja na adhana, na pia na neno la Kiarabu la sikio: mwenye mamlaka amelisikia ombi, akalikubali. Ruhusa ni ndugu wa rahisi. Kilichokuwa kigumu kimelegezwa. Ridhaa imezaliwa pamoja na radhi, kuridhika na maridhiano, na makao yake ni moyoni. Mzazi anaweza kumruhusu binti yake aolewe ilhali hajaridhia, na aliyewahi kuhudhuria harusi ya namna hiyo ameiona tofauti hiyo usoni mwa mzazi.

Katika tiba hii tofauti hiyo huleta taabu ya kweli. Kanuni inasema mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote, lakini aliyekwisha kumeza silosaibini atakaa nayo saa sita hivi, apende asipende. Katika saa hizo akili yake hushawishika kwa wepesi, kwa hiyo “ndiyo” anayoitamka mtaalamu anapotaka kumshika mkono haina uzito wa ile aliyoitamka asubuhi, na ndiyo maana mipaka ya kugusana hukubaliwa kabla ya dawa kumezwa. Tena wapo wanaotoka humo wakiwa na imani mpya kuhusu Mungu, kifo au ndoa zao. Sijui sentensi ya fomu inayoweza kumweleza mtu mabadiliko hayo kabla hayajampata, na anayeridhia leo huenda asiwe na mawazo yale yale kesho.

Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha MDMA, dawa inayojadiliwa sana pamoja na hizi, kwa tiba ya majeraha ya akili. Kitenzi hapo ni sahihi kabisa, kwa sababu anayeombwa ni mwenye mamlaka. Mshiriki anayebonyeza dole gumba kwenye kidau cha wino, shahidi akiwa kando yake, hamuidhinishii mtu chochote. Basi juu ya kisanduku cha dole hilo tuandike “ridhaa ya mshiriki”, na neno idhini tuiachie kamati iliyopitisha utafiti.