Ukibadili kiendelezi, faili ni ile ile

"Nimeigeuza iwe PDF lakini inakataa kufunguka." Sentensi hii nimeisikia kwa wanafunzi, makarani, wahasibu, na juzi kwa mtu ambaye kazi yake ni kufundisha wenzake kompyuta. Ukiwauliza wameigeuza vipi, hadithi ni moja. Mtu alibofya jina la faili, akafuta .docx, akaandika .pdf, kompyuta ikamwonya kwamba faili huenda isitumike tena, naye akabofya Ndiyo bila kusoma. Kisha akaituma kwa barua pepe. Aliyetumiwa akilalamika, lawama zinaangukia kompyuta.

Tulimalize hili leo. Yapo mengine yanayofanana nalo, nayo nitayagusa kwa ufupi.

Dhana: Kubadili kiendelezi ni kubadili aina ya faili

Hapana. Jina la faili halimo ndani ya faili. Limeandikwa kwenye orodha ya folda, kando na data yenyewe, na kiendelezi ni mkia tu wa jina hilo. Ukikibadili, hakuna hata baiti moja ya data inayoguswa. Kumwita mbuzi punda hakumpi mgongo wa kubebea mizigo.

Aina ya faili hujulikana kwa kilichomo ndani, aghalabu mwanzoni kabisa. PDF huanza na alama %PDF. Picha ya PNG huanza na baiti nane zisizobadilika, na ya pili hadi ya nne ndizo herufi P, N na G. JPEG huanza na FF D8 FF. ZIP huanza na PK, herufi za mwanzo za jina la Phil Katz, aliyeubuni muundo huo. Huna haja ya kuniamini mimi: fungua PDF yoyote kwa Notepad utazame mstari wa kwanza. Kwenye Linux na macOS iko amri iitwayo file. Iandike kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ifuatishe jina la faili, nayo itachungulia ndani na kukuambia kilichomo, kiendelezi kidai kitakacho.

Kwa nini basi dhana hii haifi? Kwa sababu mara nyingine huonekana kama imefaulu. Ukiipa picha ya .png jina la .jpg, inafunguka vizuri tu, na mtu anaondoka akiamini amekuwa fundi. Kilichotokea ni kwamba Windows ilitazama kiendelezi ili kuchagua programu, programu ya picha ikasoma baiti za mwanzo, ikaona ni PNG na kuionyesha kama PNG. Umepata PNG yenye jina la uongo. Ukiipakia kwenye fomu ya mtandaoni inayokagua kilichomo ndani, itakataliwa, na utarudi kwangu.

Mfano mwingine ninaoletewa kama ushahidi: "Mbona nikiandika .zip badala ya .docx inafunguka?" Inafunguka kwa sababu tangu Office 2007, faili ya .docx ni ZIP kweli, furushi la hati za XML, yaani maandishi yenye alama za mpangilio, na picha zilizobanwa pamoja. Ilikuwa ZIP kabla hujaigusa. Mbinu hii ina faida yake, nakiri: ndani ya furushi, kwenye folda ya word, kuna folda ya media yenye picha zote za waraka, hivyo unaweza kuzitoa zote kwa mkupuo. Lakini fanya hivyo kwa nakala. Nao ugeuzaji wa .jpeg kuwa .jpg, au .html kuwa .htm, hauna madhara kwa sababu ni aina ile ile yenye tahajia mbili. Herufi tatu ni urithi wa MS-DOS, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows, ambayo iliruhusu herufi nane za jina na tatu za kiendelezi, basi.

Siku hizi kesi nyingi ni za picha za HEIC. iPhone zilianza kuhifadhi picha kwa muundo huo mwaka 2017 zilipopata iOS 11. Fomu inataka JPG, mwenye picha anafuta .heic na kuandika .jpg, fomu inakataa, anarudia tena na tena kama vile kompyuta itachoka ikubali. Ukiwa na Mac, ifungue picha kwa Preview kisha uitoe upya kama JPEG. Ukitaka kuondoa tatizo kwenye chanzo, ingia mipangilio ya kamera ya simu, kwenye sehemu ya miundo, uchague ule unaokubalika na vifaa vingi.

Lakini hakuna kinachoniudhi kama hili likitokea baada ya shambulio la virusi vinavyofunga faili na kudai fidia. Virusi hivyo huvisimba fiche vilivyomo kwenye faili, kisha mara nyingi hubandika kiendelezi chao mwishoni mwa jina. Mwenye kompyuta anakiondoa kiendelezi kile kwa mkono, faili moja baada ya nyingine, akitarajia picha zake zirudi. Hazirudi, kwa kuwa data yenyewe ndiyo iliyosimbwa. Ubaya zaidi ni kwamba amefuta kielelezo ambacho kingesaidia kujua ni virusi vya aina gani. Yaliyomkuta yakikukuta, acha majina yalivyo, tenga kompyuta na mtandao, halafu utazame mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa ushirikiano wa Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta. Unatoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo, na kiendelezi ni mojawapo ya dalili za kutambua kipi ni kipi.

Njia sahihi ya kugeuza aina ya faili ni kuifungua kwa programu inayoielewa na kuihifadhi upya kwa muundo mwingine. Word na LibreOffice hutoa PDF kutoka kwenye menyu ya faili. Programu isiyoweza, chapisha: Windows 10 na 11 zina kichapishi cha bandia kiitwacho Microsoft Print to PDF, na dirisha la kuchapisha la macOS lina chaguo la PDF. Ni mibofyo mitatu minne, haizidi ile uliyotumia kudanganya jina.

Jambo la kwanza ninalofanya kwenye kila kompyuta ya Windows ninayoishika, mwenyewe apende asipende, ni kuwasha viendelezi vionekane. Windows huvificha tangu toleo la 95, na sijawahi kusikia sababu ya kuridhisha. Kuvificha ndiko kunakozaa ripoti.pdf.pdf, maana mtu asiyekiona kiendelezi hukiandika tena. Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Mei 2000 virusi vya ILOVEYOU vilisambaa duniani vikiwa faili iliyoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kuwa .vbs, kiendelezi cha programu inayojiendesha ukiibofya, ilifichwa, watu waliona .TXT, wakadhani ni maandishi, wakabofya. Kwenye Windows 11 chaguo hili liko kwenye menyu ya mwonekano ya kidhibiti cha faili; kwenye macOS liko katika mipangilio ya kina ya Finder, programu ya faili ya Mac. Liwashe leo.

Dhana: Herufi kubwa na ndogo ni urembo

Inategemea uko wapi. Windows na macOS, zikiachwa kama zilivyokuja, hukumbuka herufi ulizoandika lakini hazizitofautishi. Kwenye Linux, Ripoti.txt na ripoti.txt ni faili mbili zinazokaa folda moja bila ugomvi. Ukizinakili zote kwenye diski ya Windows zinagongana. Wajenzi wa tovuti ndio wanaoumia zaidi: ukurasa unaita Picha.JPG, faili inaitwa picha.jpg, kwenye kompyuta yake ya Windows kila kitu kinaonekana, kisha tovuti inapandishwa kwenye seva ya Linux na picha zinatoweka. Mimi huandika herufi ndogo tupu, kistari badala ya nafasi, na tarehe kwa mtindo wa ISO 8601 mwanzoni mwa jina, yaani 2025-03-07-mkataba.pdf. Mwaka ukitangulia, mpangilio wa alfabeti ndio mpangilio wa tarehe. Wanaoandika mkataba-mpya-wa-mwisho-KABISA-2 sina la kuwasaidia.

Dhana: Jina likikubaliwa hapa, litakubaliwa kote

Windows hukataa alama tisa: \ / : * ? " < > na |. Linux hukataa mkwaju (/) tu, pamoja na ile baiti ya sifuri ambayo hutaweza kuichapa kwa kibodi hata ukitaka. Kwa hiyo faili uliyoiita "kikao 10:30" kwenye Linux italeta kero ikifika Windows. Yapo pia majina yaliyotengwa tangu enzi za DOS: jaribu kuunda folda iitwayo con kwenye Windows uone. Na nukta ikitangulia jina, faili hufichika kwenye Linux na macOS, ilhali Windows haijali.

Urefu nao una mipaka. Jina moja huishia herufi 255 kwenye NTFS, muundo wa kawaida wa diski za Windows, lakini programu nyingi za Windows bado zinaishi na kikomo cha kale cha herufi 260 kwa njia nzima, kuanzia C:\ hadi mwisho wa jina. Ndiyo maana ukiipa folda ya juu jina refu, faili zilizo ndani kabisa zinaweza kugoma kufunguka ingawa hukuzigusa.

Dhana: Windows ikikataa kubadili jina, faili imeharibika

Aghalabu iko wazi kwenye programu nyingine. Ifunge. Kama huoni wapi, angalia kidirisha cha onyesho upande wa kulia. Kwenye Linux na macOS mara nyingi utaruhusiwa, kwa sababu programu iliyofungua faili hushikilia faili yenyewe, si jina lake.

Dhana: Folda kubwa huchukua muda mrefu kubadilishwa jina

Folda ya gigabaiti 500 na folda tupu ni kazi sawa, kwani kinachobadilika ni ingizo moja kwenye orodha. Ukiona inachukua dakika kadhaa, huenda unaihamishia diski nyingine bila kujua, au programu ya hifadhi ya mtandaoni imeanza kupakia upya.

Dhana: Nikibadili jina la akaunti, folda yangu ya mtumiaji itafuata

Haifuati. Folda iliyo ndani ya C:\Users hubaki na jina la siku akaunti ilipoundwa. Kuilazimisha ni kuvunja programu zilizoandika njia ile kwenye mipangilio yake. Kama jina linakukera kiasi hicho, fungua akaunti mpya uhamishe nyaraka.

Dhana: Kubadili jina ni kule kule kwenye kila mfumo

Kwenye Windows, na kwenye mazingira mengi ya Linux, ni kitufe cha F2. Kwenye Mac ni Return. Waliohama kutoka Windows hubonyeza Return wakitaka kufungua faili, jina linageuka kisanduku cha kuandikia, na herufi inayofuata inalifuta lote isipokuwa kiendelezi. Bonyeza Escape kabla hujafanya lingine. Kufungua ni Command pamoja na O.

Tofauti iliyo mbaya kweli iko kwenye terminali. Amri ya ren ya Windows hukataa iwapo jina jipya limeshachukuliwa. Amri ya mv ya Linux na macOS, isipozuiwa, huifunika faili iliyokuwepo bila kuuliza, na iliyofunikwa haipiti kwenye kikapu cha taka. Andika mv -i ikuulize kwanza, au mv -n isifunike kamwe.